Planet Jarre: vipande 41, nianzie wapi?

Sikio_Jipya:

Wakuu, habari za wakati huu.

Naomba mwongozo kwa wanaoujua muziki wa sintesaiza, vile vinanda vya umeme vinavyotengeneza sauti. Jamaa yangu amenipa Planet Jarre, ule mkusanyiko wa mwanamuziki wa Ufaransa Jean-Michel Jarre uliotoka Septemba 2018 kuadhimisha miaka 50 ya kazi yake. Una vipande 41 katika mafungu manne: Soundscapes, Themes, Sequences, na la mwisho Explorations & Early Works. Kwa Jarre mimi nilikuwa najua kitu kimoja tu, Oxygène 4, tena niliisikia utotoni ikifungulia kipindi cha redio bila kujua ni ya nani. Nilipokutana nayo humu nilisimama kabisa. Kumbe ni wewe!

Sasa nimekwama. Nilianza mwanzo kama mtu anavyoanza albamu yoyote. Kipande cha kwanza mvumo, cha pili mvumo, kufika cha tano sijui tena nimesikia nini. Nilitegemea apangwe kwa miaka, nimwone akikua, lakini kazi za miaka ya karibuni zimechanganywa na za 1976 kama vile zilitoka wiki moja.

Nauliza mawili. Kwa nini amepanga hivi? Na mgeni kama mimi aanzie humu, au aachane na mkusanyiko aende kwenye albamu zenyewe? Hedifoni nzuri ninazo, subira ninayo. Nataka kumwelewa huyu mtu, sitafuti muziki wa kupitishia muda.

---

KandaYaZamani:

Karibu sana mkuu.

Weka mkusanyiko kando, tafuta albamu ya Oxygène ya 1976 nzima. Haifiki hata dakika 40. Vipande sita, na havina majina, vina namba tu, kwa sababu vimeshonwa kimoja kwenye kingine. Ukikitoa cha nne ukakiweka katikati ya nyimbo za miaka mingine, wimbo mzuri unabaki nao, safari umeipoteza. Équinoxe ya 1978 ni hivyo hivyo: vipande vinane, siku moja ya binadamu tangu asubuhi hadi usiku. Siku huisikilizi kuanzia saa saba mchana.

Halafu kuna En attendant Cousteau ya 1990. Kipande kinachobeba jina la albamu kinakwenda karibu dakika 47 bila kukatika. Kazi kama hiyo utaiingizaje kwenye mkusanyiko wa vipande 41 bila kutumia mkasi?

Huo ndio msimamo wangu, na nimeushikilia miaka mingi.

---

Noti_ya_Usiku:

Kaka Sikio_Jipya, umeuliza swali ambalo mimi nilikaa nalo muda mrefu, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Kwa Oxygène nakubaliana na ndugu yangu KandaYaZamani neno kwa neno. Isikilize nzima, isikilize usiku. Lakini kuweka Planet Jarre kando, hapo sikubaliani naye. Igeuze tu. Anza na fungu la nne.

Najua fungu hilo ndilo watu wengi wanaliruka. Ukilifungua unakutana na La Cage na Erosmachine, pande mbili za sahani ndogo ya santuri aliyoitoa 1971 akiwa kijana, na Happiness Is a Sad Song ambayo ni ya zamani zaidi ya hapo. Hakuna cha kuimba pamoja naye. Vyuma vinagongana, sauti zinakatwa, pumzi, mikwaruzo. Mara ya kwanza nilidhani faili langu limeharibika! Ila huku ndiko alikozaliwa, na bila kupita huku, mvumo ule wa Soundscapes utabaki mvumo tu.

Nianze na mwalimu wake. Mwaka 1948 fundi mmoja wa redio ya Ufaransa, Pierre Schaeffer, alikwenda stesheni ya treni ya Batignolles pale Paris akarekodi treni: filimbi, magurudumu, mabehewa yakigongana. Akarudi studio akazipanga sauti zile kama mtu anavyopanga noti, akazipiga redioni. Akasema huu ni muziki. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, Jarre alizaliwa Lyon. Miaka ishirini hivi baadaye kijana yule akaingia kwenye kundi la utafiti wa muziki aliloliunda Schaeffer, wanaloliita GRM, akakaa chini ya mtu ambaye hakumuuliza unapiga kinanda gani. Swali la pale lilikuwa: sauti hii ina umbo gani? Inaanzaje, inakaaje, inakufaje? Mwaka 1966 Schaeffer alikuwa ameshatoa kitabu kinene kizima cha kuainisha sauti kwa maumbo yake, bila kujali zimetoka kwenye fidla au kwenye mlango.

Na hapo ndipo napata jibu la swali lako la kwanza. Haya ni maoni yangu, si maneno ya Jarre: mpangilio wa Planet Jarre ni wa mwanafunzi wa Schaeffer. Mtu mwingine angepanga kwa miaka. Yeye ameshika kazi ya miaka 50 akaiainisha kwa umbo. Zile zinazotanda kama anga akaziweka pamoja, zenye melodia pamoja, zinazozunguka kwa kujirudia pamoja, na zile za kutafuta njia akazipa nyumba yao. Miaka haimo kwa sababu sauti haina umri. Huyu ndiye aliyeipa albamu yake ya 1997, Oxygène 7-13, wakfu kwa Schaeffer baada ya mzee yule kufariki. Hakumsahau.

Sasa sogea kwenye Soundscapes, ule mvumo uliokushinda. Nikuambie jambo nililolifanya mwenyewe, maana kusoma peke yake hakukunisaidia.

Ukifungua Oxygène unasikia kama upepo, au bahari kwa mbali. Ule si upepo uliorekodiwa. Ni ile kelele ya redio isiyoshika stesheni, shhhh, inayotolewa na sintesaiza kama VCS3 aliyokuwa nayo, ikipitishwa kwenye chujio. Chujio likifungwa, kelele inakuwa nzito, ya chini, kama bahari. Likifunguliwa inakuwa nyepesi na kali, kama upepo penye upenyo. Nina programu ya sintesaiza kwenye kompyuta, nikasema kumbe kazi ndogo. Nikaiwekea mashine ijifungue na kujifunga yenyewe kila baada ya sekunde nane. Ikatoka feni. Upepo haukuwepo kabisa. Nikazima, nikashika kitufe kwa mkono, nikawa nazungusha polepole, nasita, narudi kidogo, nasonga tena. Hapo ikaanza kupumua. Nilikaa saa nzima nazungusha kitufe kimoja. Siku ile ndiyo nilielewa kwamba kwenye muziki huu unaoitwa wa mashine kuna mkono, na mkono huo unachoka na kusitasita, na ndiyo maana unatugusa.

Alirekodi albamu ile nyumbani. Jiko la fleti yake Paris ndilo lililokuwa studio, na rekoda ya tepu ilikuwa ya njia nane tu. Zile nyuzi zinazoelea juu ya kila kitu si okestra. Ni kinanda cha nyumbani cha Kiholanzi, Eminent 310, wanachonunua watu wa kawaida kupigia sebuleni, alichokipitisha kwenye pedali ndogo ya wapiga gitaa iitwayo Small Stone. Pedali ile inaifanya sauti ijigeuze ndani kwa ndani, kama mwanga juu ya maji. Ondoa pedali, unabaki na kinanda cha sebuleni. Na midundo ya Oxygène 4 imetoka kwenye mashine ya Korg iitwayo Mini Pops, yenye vitufe vya rumba, vya slow rock, vya nini sijui, iliyotengenezwa ukibonyeza kitufe kimoja kwa wakati mmoja. Yeye alichukua utepe wa gundi akavibandika vitufe vibaki chini pamoja. Mashine haikujua ichague dansi ipi, ikapiga mbili. Ndiyo ngoma ile uliyoisikia utotoni redioni!

Melodia je, aliitoa wapi? Hapa watu wanasahau kwamba kati ya maabara ya Schaeffer na jiko lile, Jarre alikuwa akifanya kazi na waimbaji. Maneno ya Les Mots bleus ya Christophe, 1974, ni yake. Alijua wimbo unaoshika sikio unatengenezwaje. Kwa hiyo 1976 mikono miwili ilikutana, wa mtafiti wa sauti na wa mtunga nyimbo. Kampuni za kurekodi zikamkatalia: hakuna mwimbaji, hakuna mpiga ngoma, vipande havina hata majina, hii redio gani itapiga? Aliyekubali ni Francis Dreyfus, mwenye lebo ndogo. Zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 10.

Themes iache iwe ya mwisho, itakwenda yenyewe. Sequences sina mengi ya kusema. Naiona ndiyo dhaifu kuliko mengine, vipande vingi vinakimbia bila kufika, isipokuwa Arpegiateur, ile aliyoipiga China 1981. Hiyo uisikilize umesimama.

Na kabla hujatoka fungu la nne, kaa na Ethnicolor. Inatoka kwenye Zoolook ya 1984. Wakati ule alikuwa na Fairlight, kompyuta ya muziki inayomeza sauti yoyote na kukurudishia kwenye vitufe vya kinanda. Akachukua sauti za watu wakizungumza lugha zaidi ya 20, Kimalagasi, Kitibeti, Kikechua, Kihungari na nyinginezo, zingine zikiwa zimekusanywa na mtaalamu wa muziki wa jamii, Xavier Bellenger. Hakutaka maana ya maneno. Alitaka koo. Sikiliza mwanzo wake, ule mlio mrefu, sikio linasita: huyu ni mnyama au mtu? Mimi kila nikifika pale nywele zinasimama. Sasa linganisha na Erosmachine ya 1971, na zile pumzi zake. Ni kijana yuleyule, swali ni lilelile, miaka 13 baadaye, ameongezewa chombo tu. Hilo huwezi kulisikia ukiwa na Oxygène peke yake, ndugu yangu KandaYaZamani. Ndiyo sababu nautetea mkusanyiko.

---

KandaYaZamani:

Dada, umenipeleka mahali sikupafikiria. Hiyo ya mpangilio wa maumbo nakupa, sina ubishi. Ya mkasi bado siachi. Vitu vilivyoshonwa vikikatwa, mshono unaonekana, na kwenye hedifoni nausikia kila mara: kipande kinaanza kufifia pale ambapo sikio langu linajua kuna kingine kinataka kuingia.

---

Noti_ya_Usiku:

Hilo ni kweli, na mimi linaniuma vilevile. Sitalitetea.

---

Mpenzi_wa_Sahani:

Samahani kuingilia, ila kuna jambo kwenye fungu hilohilo la nne linanisumbua, na naona dada yupo, ngoja niulize.

Mle kuna kionjo cha Music for Supermarkets. Sasa ile si ndiyo aliyoapa haitatoka tena? Mwaka 1983 alitengeneza muziki kwa ajili ya maonyesho ya sanaa Paris yaliyokuwa na maudhui ya supamaketi, akachapisha sahani moja. Moja tu! Akaiuza kwenye nyumba ya mnada ya Hôtel Drouot, tarehe 6 Julai, ikaenda kwa faranga 69,000, na tepu za asili zikaharibiwa. Radio Luxembourg iliipiga yote hewani, na yeye akawaambia wasikilizaji warekodi. Basi. Nakala zinazozunguka mpaka leo ni zile zilizorekodiwa redioni, zina mikwaruzo kama mvua kwenye bati.

Mimi ile hadithi niliipenda mno. Mtu anasimama kusema muziki si bidhaa ya kupanga kwenye shelfu, na anaulipia kwa kazi yake mwenyewe. Nilipoona jina lile kwenye orodha ya 2018 nilihisi nimesalitiwa. Nakosea?

---

Noti_ya_Usiku:

Hukosei kuhisi hivyo. Mimi pia niliposoma orodha nilisita kubonyeza.

Lakini tazama wanavyokiandika: ni kionjo cha demo. Kazi ile iliyokamilika, iliyokuwa kwenye sahani moja ya Drouot, ilikwenda kwa aliyeinunua, haijarudi. Hiki ni kipande cha majaribio, kile ambacho mtunzi anakifanya kabla hajaamua. Kwangu mimi ahadi yake haijavunjwa. Ningekasirika sana kama wangechukua zile rekodi za redio wakazisafisha na kuziuza.

Na kuna kitu kingine, nadhani kitakupoza. Muziki ule haukufa wote siku ile. Tepu ziliharibiwa, mawazo yalibaki kichwani mwa mtu. Mwaka uliofuata sehemu zake zikaibuka ndani ya Zoolook, kwenye Blah Blah Café na kwenye sehemu ya Diva, wimbo ambao msanii wa Marekani Laurie Anderson anatoa sauti isiyo na neno hata moja la lugha yoyote. Nyingine ikatokea kwenye Rendez-Vous, 1986. Kwa hiyo yule aliyelipa faranga zake alipata sahani, sisi wengine tukapata mbegu. Sioni usaliti hapo.

Nimekisikiliza kionjo kile mara nyingi. Ni kifupi, na kuna mahali mdundo unatembea kwa mguu mmoja mzito na mwingine mwepesi, kama mtu anayesukuma toroli lenye gurudumu bovu. Sijui kama alikusudia toroli. Mimi nalisikia.

---

Mpenzi_wa_Sahani:

Toroli! Sasa na mimi nitalisikia siku zote. Ahsante dada. Hiyo ya demo na kazi kamili sikuwa nimeitenganisha. Nimepoa, kiasi.

---

Sikio_Jipya:

Wakuu, nimerudi. Niliondoka hapa nikafanya kama nilivyoelekezwa, nikapumzika siku mbili, ndipo naandika.

Fungu la nne nililisikiliza usiku, taa zimezimwa. La Cage ilinisumbua, sitaki kudanganya. Mara ya kwanza niliizima katikati. Nikarudia kesho yake nikiwa nimeshika lile swali la dada: inaanzaje, inakaaje, inakufaje. Nikaacha kungoja wimbo. Nikaanza kufuata sauti moja moja, hii inagonga na kukatika ghafla, hii inavutwa. Nikagundua nimeimaliza bila kuangalia muda.

Ethnicolor niliirudia mara nne. Mke wangu aliingia chumbani nikiwa nimetoa hedifoni ili aisikie, akasimama mlangoni akauliza nani analia. Sikuwa na jibu.

Kisha nikarudi Soundscapes. Kile kipande cha tano nilichosema sikusikia kitu, safari hii nilisikia mkono. Namna nyingine ya kulieleza sina. Mvumo unapanda, unasita, unashuka kidogo kabla ya kupanda tena, na nikajua kuna mtu amekaa pale anazungusha. Oxygène 4 nayo haitarudi kuwa muziki wa kufungulia kipindi cha redio. Nikiisikia naona utepe wa gundi.

Kaka KandaYaZamani, Oxygène nzima nayo nimeitafuta na umesema kweli kuhusu mshono. Kile cha nne kikija mahali pake, baada ya cha tatu, ni kama mlango unafunguliwa.

Sasa nataka albamu moja tu nyingine nzima kabla sijaingia kwingine. Mnipe ipi?

---

KandaYaZamani:

Équinoxe. Anza nayo asubuhi kama inavyotaka.

---

Noti_ya_Usiku:

Équinoxe ni nzuri, huwezi kujuta. Ila kwa kuwa Ethnicolor imeshaingia nyumbani kwako mpaka kwa shemeji, mimi nakupa Zoolook. Mpe shemeji hedifoni moja. Ethnicolor ndiyo inayofungua, mtakutana nayo kwanza. Halafu mkifika Blah Blah Café msikilize kwa makini, maana pale ndani kuna muziki wa sahani iliyouzwa Drouot, na hiyo haina mikwaruzo ya redio.